Sweta ya Kabale: Mishono Ilikubali, Safu Zikagoma

Bega la sweta ninayofuma kwa kulabu, kipande cha kutoka shingoni hadi kwapani, limefika kwapani na futikamba inasoma sentimita 20, kama inavyotakiwa. Nimeligeuza nyuma, nikapima tena: 20. Kipande hiki hiki kimenitesa muda mrefu kwa kung'ang'ania 17.8, kwa hiyo naandika sasa hivi, kabla sijasahau nilichofanya.

Kwa aliyechelewa: ni sweta ya mdogo wangu aliyehamishiwa Kabale kufundisha. Raglani (bega na mkono vinakutana kwa mstari wa mshazari kutoka shingoni hadi kwapani) ya kuanzia shingoni kushuka, mshono wa nusu trebo tupu (patani, yaani maelekezo ya kufuma, ni ya Kimarekani, hafu dabo yao ndiyo nusu trebo yetu). Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea kulala Kampala na shuka moja, akifika kule usiku wa kwanza lazima apige simu nyumbani. Alipiga. Patani inataka sufu ya DK (unene wa wastani) yenye mita 225 kwa gramu 100, kulabu ya milimita 4.5, na geji, yaani idadi ya mishono kwa upana na safu kwa urefu, ya mishono 16 kwa safu 12 ndani ya sentimita 10.

Sufu hiyo kwa bei ninayoimudu sikuiona. Maduka ya Kikuubo, hapa Kampala, yamejaa akriliki (uzi wa kiwandani, si wa mnyama wala mmea), madonge ya kupendeza macho, na lebo inayosema akriliki asilimia 100, gramu 100, halafu basi. Mita hazikuandikwa. Nikamuuliza mwenye duka. "Nnyabo (mama), uzi ni uzi," akasema, "chukua hii, haichuji rangi." Kuhusu rangi alisema kweli, nimeufua na haukuchuja.

Mita nikazitafuta mwenyewe. Nilipima mzunguko wa mgongo wa kiti kwa futikamba, nikazungusha uzi hadi ukafika mita 50, nikauweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 21. Yaani mita 238 kwa gramu 100, jirani kabisa na 225 ya patani. Tafadhali msipime mita 10 kwa mizani ya jikoni. Ile inaruka gramu nzima nzima, na gramu moja ikipotea kati ya nne, robo ya hesabu yako imeenda nayo. Donge lenyewe la "gramu 100" lilikuwa na gramu 88. Kwa hiyo kila donge lina mita 209 hivi, na sweta inayokula mita 1,100 haiwezi kutoka kwenye madonge matano kama lebo inavyotaka tuamini. Nilichukua sita na la saba la akiba, maana bachi ya rangi (madonge yaliyotiwa rangi pamoja) ikiisha dukani imeisha.

Kuna wanaopima unene kwa kuzungusha uzi kwenye rula na kuhesabu mizunguko ndani ya inchi moja. Mimi sikiamini kipimo hicho hata kidogo. Mkono wangu ukiwa na hasira napata 14, ukitulia napata 11, na uzi ni ule ule. Mizani haina hasira.

Ila hata mizani ina mipaka yake, na hapa ndipo uzi mbadala unapowachanganya wengi. Mita kwa gramu zinalinganishika vizuri mradi nyuzi ziwe za malighafi moja. Pamba ni nzito kuliko sufu, akriliki ni nyepesi kuliko zote mbili: sentimita moja ya ujazo ya pamba ina gramu 1.54 hivi, ya sufu 1.31, ya akriliki 1.17. Maana yake, akriliki na sufu zenye mita 225 sawa kwa gramu 100 hazina unene sawa. Akriliki ni nene kidogo. Ukitaka pamba yenye unene wa sufu ile ya patani, kwa hesabu ya karatasi utafute yenye mita kama 190, si 225. Uzi wangu wa mita 238 basi ulikuwa umekaa pazuri. Nilianza sampuli nikiwa na imani kubwa.

Kulabu ya 4.5: mishono 15, safu 12.7. Kulabu ya 4: mishono 16, safu 13.5. Kulabu ya 5: mishono 14, safu 12.

Iangalieni vizuri hiyo mistari mitatu. Hakuna kulabu inayotoa 16 kwa 12. Nikifuata mishono, safu zinakuwa fupi. Nikifuata safu, mishono inapanuka. Na ukiamua kwenda na safu, mishono 154 ya kifuani, ambayo kwa geji ya patani ni sentimita 96, inafika 110. Mdogo wangu angeingia na mwalimu mwenzake.

Kwenye skafu au kitambaa cha meza ningepuuza safu, na nyote mngepuuza. Hata kwenye kiwiliwili cha sweta si neno, unaongeza safu mpaka urefu utoshe. Bega la raglani ndilo lisilosameheka. Safu zake 24 zimefungwa na kuongeza mishono: kila safu inaongeza, na safu ya 24 ikiisha ndipo mishono ya kifuani imetimia. Kwa safu 12 kwa sentimita 10 unapata kina cha sentimita 20. Kwa 13.5 unapata 17.8, na hizo sentimita mbili na ushee zinazopungua zote zinamkata mtu kwapani. Nililivalisha bega la kwanza mwenyewe (tunakaribiana umbo) na sikuweza kuinua mkono kufikia kabati.

Kiini cha tatizo kimo kwenye kitanzi cha kwanza. Unapiga uzi kwenye kulabu, unachoma, unavuta kitanzi juu. Hapo hapo, kabla ya kuvuta uzi kupita vitanzi vyote vitatu, kimo cha safu kimeshaamuliwa. Unene wa kulabu unaamua upana wa kitanzi; kimo chake kinaamuliwa na umbali mkono wako unaokivuta. Wapo wanaokibana chini kwenye kazi, wapo wanaokiacha kilipo, wapo wanaokiinua. Mimi ni mbanaji. Nilijipiga video kwa simu nikaona kila mara baada ya kuvuta kitanzi kidole gumba kinakibonyeza chini, kana kwamba kitatoroka.

Basi nikaanza kuinua. Kulabu ya 4, kila kitanzi cha kwanza nakipandisha milimita mbili hivi kabla ya kufunga. Sampuli ikatoa mishono 16, safu 12.3. Nikashangilia, nikaanza bega upya. Safu sita za mwanzo zilikuwa safi. Kisha redio ikaanza kutangaza mechi, na mkono ukarudi kwao. Asubuhi kazi ilikuwa na mistari: safu ndefu zilizofumwa nikiwa makini, safu fupi za wakati wa mpira, tena ndefu. Ukiishika kwenye dirisha mwanga unapita kwa vipande. Nilifumua yote. Kuinua kitanzi kunafaa kofia, kazi ya kikao kimoja. Kwa sweta nzima mkono haudanganyiki, utarudi tu kwenye tabia yake.

Nikageukia kulabu zenyewe. Zile za alumini ambazo kichwa kiko sawa na mwili, kama kilichongwa ndani ya fimbo, na zile ambazo shingo inakondeka nyuma ya kichwa, hazitoi kitanzi cha ukubwa mmoja. Kwenye shingo nyembamba mbanaji kama mimi anakiacha kitanzi kwenye wembamba, hakifiki kwenye unene kamili. Nilikuwa natumia ya shingo nyembamba. Tena nikaazima kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwa fundi pikipiki wa jirani, tukapima: kulabu iliyogongwa 4.0 ilikuwa 3.7. Fundi alicheka sana kuona kalipa yake imeletewa kulabu ya kufumia. Kulabu yangu ya zamani ya spoku ya baiskeli, ambayo haina namba yoyote, angalau haijawahi kunidanganya. Nikahamia ya kichwa sawa, 4.0 ya kweli. Mishono ikabaki 16, vitanzi vikawa sare zaidi, na safu zikashuka hadi 13.5 kutoka karibu 14 nilizokuwa nikizipata siku nilizochoka. Ni bora, lakini si 12.

Mvuke nao nilijaribu, kwenye sampuli tu. Akriliki ikipata joto la kutosha inalegea na hairudi tena ilivyokuwa, iwe umependa au hukupenda. Safu zikafika 13, na kitambaa kikawa kimelala chali, hakina nguvu, sehemu iliyoguswa na pasi inang'aa. Kwa shali ya kuning'inia ningefurahi. Kwa sweta ya baridi unataka kitambaa chenye uhai, chenye hewa ndani.

Pamba pia nilifikiria, na hili linaniudhi kila ninapolifikiria. Nchi hii inalima pamba ya biashara tangu 1903, na sehemu kubwa inauzwa nje kabla haijasokotwa, halafu sisi wafumaji tunahangaika kutafuta donge moja la pamba lenye unene wa maana. Nililipata moja. Mezani lilitoa mishono 16, safu 12.4, karibu kabisa. Kisha nikaifua sampuli, nikaitundika kwenye kamba na kuibana vibanio vya nguo upande wa chini ili ibebe uzito kidogo, kama sweta inavyojibeba. Kesho yake safu zilikuwa 11.6. Pamba haina mnyumbuko wa kuirudisha. Mita 1,100 za pamba ile ni kama gramu 580. Za akriliki yangu ni 460. Gramu 120 za ziada zinaning'inia mabegani kila siku, sweta inashuka kuelekea magoti. Na ikilowa huko Kabale, itakauka lini?

Kilichofanya kazi hatimaye ni kalamu. Niliacha kubishana na mkono. 13.5 gawanya kwa 12 ni 1.125. Safu 24 mara 1.125 ni 27. Nahitaji safu tatu zaidi, zisizoongeza mshono wowote, zikae mahali ambapo hazitaharibu mlalo wa raglani. Ukiziweka zote juu, shingo inasimama kama kola. Ukizirundika chini, kunatokea mkunjo mbele ya kwapa. Nilizitawanya: moja baada ya safu ya 7, moja baada ya ya 14, moja baada ya ya 20. Mishono ya kifuani haijabadilika, 154 ile ile, upana ule ule, kina kimefika 20. Mstari wa raglani ukiukazia macho unaona unavunjika kidogo sehemu tatu. Mdogo wangu hatauona, na akiuona hana pa kupeleka malalamiko.

Uzi hauongezeki kwa safu hizo, kwa aliyetaka kuuliza. Eneo la kitambaa ni lile lile, na safu fupi zinakula uzi kidogo kidogo. Madonge sita yanaonekana yatatosha.

Nilikuwa nimepanga sasa nieleze mifuko na jinsi ya kuokota mishono ya ukingo. Mifuko nimeifuta. Sababu ni Owino, soko la mitumba la Kampala.

Nilikwenda kutafuta vifungo, nikapita kwenye rundo la sweta za mitumba, nikashika moja ya kiume, kubwa, lebo inasema sufu asilimia 100. Niligeuza mishono ya ubavuni kwanza. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii: kama ubavu umeunganishwa kwa uzi wa mnyororo, unavuta ncha moja na vipande vinaachana vizima. Kama umepigwa ovaloki (mashine inayokata ukingo na kuushona), kila safu imekatwa na utafumua vipande vya nusu mita mpaka uchoke. Hii ilikuwa ya mnyororo. Nyumbani nilichoma ncha kwa kiberiti: harufu ya nywele zilizoungua, na jivu likasagika vidoleni. Akriliki ingeyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Imefumuka gramu 430, uzi mwembamba uliojikunja kama tambi. Niliufunga kwa mafungu, nikauosha kwa maji ya uvuguvugu bila kuusugua (sufu ukiisugua inashikana), nikautundika na uzito mdogo tu, maana mzito unaua mnyumbuko. Mita 50 zina gramu 12, kama mita 417 kwa gramu 100. Ukishika nyuzi mbili pamoja mita zinagawanyika: 208. Kulabu ya 4.5 ya kichwa sawa, mkono wangu ule ule wa kubana, bila kuinua kitanzi chochote: mishono 16, safu 12.2.

Nilikaa nikaiangalia sampuli hiyo kwa wivu. Sufu ina mnyumbuko; kidole gumba kikikibonyeza kitanzi, kikishaachwa kinapanda chenyewe. Akriliki inabaki pale ilipobonyezwa. Muda wote nilikuwa naulaumu mkono peke yake.

Gramu 430 kwa nyuzi mbili ni mita 890 na kitu. Sweta haitoki hapo, kizibao kinatoka, na patani nimeshaanza kuichora nyuma ya daftari la hesabu. Lakini mikono ya sweta ya Kabale kwanza. Patani inasema safu 50, kwangu ni 56, na kupunguza mishono kunakuwa kila safu ya 9 badala ya 8. Nimefika safu ya 11 ya mkono wa kushoto. Mdogo wangu ametuma ujumbe kuuliza kama sweta inakuja kwa basi la Jumamosi. Nimemjibu anunue blanketi.