Nürnberg: Kulala Ndani ya Ukuta

Safari ya Nürnberg niliianza kwenye kalenda, kabla ya kutazama picha ya chumba hata kimoja. Mji huu wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, una wakazi zaidi ya laki tano na hoteli si haba, lakini ni mji wa maonyesho ya biashara, na maonyesho ndiyo yanayopanga bei. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari kuna Spielwarenmesse, maonyesho ya vitu vya kuchezea watoto. Februari hiyohiyo kuna BIOFACH, ya vyakula vya kilimo hai. Siku hizo chumba cha kawaida huuzwa mara mbili ya bei yake au zaidi, na hoteli zilizo karibu na U1, reli ya chini ya ardhi inayokwenda kituo cha Messe, yaani uwanja wa maonyesho, ndizo zinazojaa kwanza. Tovuti ya NürnbergMesse huweka orodha ya mwaka mzima. Niliifungua, nikatafuta wiki isiyo na maonyesho makubwa, ndipo nikaanza kuulizia vyumba.

Desemba ina mambo yake. Soko la Krismasi, Christkindlesmarkt, hufunguliwa Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio na kuendelea hadi tarehe 24. Anayelitaka soko hilo aende Jumapili jioni hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi mji hufurika na bei hupanda. Mwishoni mwa Julai huwa na Bardentreffen, muziki wa bure katika viwanja vya mji wa kale: raha kwa mpenda ngoma, adhabu kwa anayetaka kulala na dirisha wazi.

Baada ya kalenda, ramani. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe uliokuwa na urefu wa kilomita 5 hivi, na sehemu kubwa bado imesimama. Mto Pegnitz unaukata katikati. Kusini ya mto ni upande wa Lorenz, unaopakana na stesheni kuu, Hauptbahnhof. Kaskazini ni upande wa Sebald, unaopanda hadi ngome ya Kaiserburg juu ya mwamba. Kwenye picha Sebald inashinda bila ubishi. Ila mitaa yake imetandikwa mawe, nayo Burgstraße ni mwinuko wa kweli. Sanduku la kilo 23 lenye magurudumu madogo hukwama kwenye kila ufa. Teksi nayo haifiki kila mlango, kwa kuwa mitaa kadhaa ni ya waenda kwa miguu. Upande wa Lorenz, kutoka stesheni kwa kufuata Königstraße hadi kanisa la St. Lorenz ni kama dakika kumi, na njia ni laini. Nilichukua Lorenz. Ngome unaweza kuipandia mchana mikono mitupu.

Jina moja la kuliangalia kwenye ramani ni Frauentormauer, njia nyembamba inayofuata ukuta kwa ndani. Sehemu yake ya magharibi ni mtaa wa madanguro, tena ya halali kisheria. Mpita njia hasumbuliwi, lakini anayesafiri na watoto, au na mama mkwe, heri ajue mapema.

Neno "mji wa kale" lisikufanye udhani kila hoteli ni ya kale. Tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliuteketeza mji huu kwa usiku mmoja, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo kama kazi ya karne ya 15 ilijengwa upya baada ya vita. Kwa mgeni, hiyo ina maana moja: usihukumu kwa ukuta wa nje. Jengo la miaka ya 1950 linaweza kuwa na vyumba vidogo lakini lina lifti. Nyumba iliyonusurika kweli ina boriti za kupendeza na ngazi nyembamba ya kupanda hadi orofa ya nne kwa miguu. Uliza kwa barua pepe kama kuna Aufzug, yaani lifti, na kama inaanzia usawa wa barabara. Baadhi huanzia juu ya ngazi tano au sita. Uliza pia kama chumba kinatazama ua wa ndani. Cha uani hakina mandhari, lakini hakisikii watu wanaotoka baa usiku wala kengele za makanisa.

Kwa anayeomba viza ya Schengen, nafasi ya hoteli ni sehemu ya makaratasi. Chukua ile inayofutika bila malipo hadi siku moja au mbili kabla ya kufika, na hakikisha jina limeandikwa herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000. Bei ya "hairudishwi" ina punguzo, lakini kuilipia kabla viza haijatoka ni kamari.

Ndege nyingi za usiku kutoka Afrika Mashariki kwenda Frankfurt hutua asubuhi na mapema. Uwanja una stesheni mbili: Regionalbahnhof ya treni za karibu, na Fernbahnhof ya treni za masafa, ambako ICE, treni ya kasi, ya Nürnberg hupita. Safari huchukua saa mbili na nusu hivi. Tiketi ya bei nafuu, Sparpreis, imefungwa kwenye treni moja tu. Ndege yako ikichelewa na tiketi ya treni uliinunua peke yake, si pamoja na ya ndege, shirika la reli halihusiki, na tiketi imekufa. Lakini ikiwa treni yenyewe inatarajiwa kukufikisha ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho huondoka na unaruhusiwa kupanda nyingine. Ama ulipe Flexpreis, tiketi isiyofungwa kwenye treni moja, ama uache saa tatu nzima kati ya kutua na kupanda. Foleni ya pasipoti peke yake hula saa moja. Wanaopitia Istanbul wana njia fupi zaidi, kwani Turkish Airlines hutua Nürnberg kwenyewe, na U2 kutoka uwanjani hadi Hauptbahnhof ni dakika 12 au 13.

Kwenye jukwaa la treni tazama herufi zilizotundikwa juu, A, B, C na kuendelea. Ubao huonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi gani, na treni haisubiri mtu aliyesimama upande mbaya na masanduku mawili. Kiti huwekwa kwa malipo ya ziada. Bila hivyo, tiketi inakuruhusu kusafiri, haikuahidi kukaa.

Nilifika mlangoni kwa hoteli kabla ya saa sita mchana, na hilo ni la kutarajia kwa ndege za usiku. Chumba hutolewa saa tisa. Mapokezi huweka mizigo bila malipo karibu kila mahali, kwa hiyo pakia taulo, mswaki na shati safi juu kabisa. Hoteli ndogo zina tatizo la upande wa pili: mapokezi hufungwa saa mbili au saa nne usiku, na anayechelewa hupewa namba ya siri ya kisanduku cha ufunguo. Namba hiyo huja kwa barua pepe. Simu isiyo na intaneti ukisimama nje usiku haikusaidii, basi iandike kwenye karatasi.

Mgeni asiye raia wa Ujerumani hujaza Meldeschein, fomu ya usajili, anatia saini na kuonyesha pasipoti. Raia wa Ujerumani wameondolewa wajibu huo tangu 1 Januari 2025, kwa hiyo usione umebaguliwa ukiona aliye mbele yako anapewa ufunguo moja kwa moja. Kisha huombwa kadi ya benki. Mara nyingi hoteli huzuia kiasi fulani juu ya bei ya chumba. Kwa kadi inayokata akaunti papo hapo, pesa hizo zinaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Bavaria imeziharamishia halmashauri zake kodi ya kulala, hivyo Nürnberg hutaongezewa kitu mlangoni. Berlin hukata asilimia 7.5.

Chumbani, kitu cha kwanza cha kukielewa ni dirisha. Mpini mmoja una kazi tatu: ukielekea chini, dirisha limefungwa, ukilala, linafunguka wima kama mlango, ukielekea juu, sehemu ya juu huinama ndani na kuacha upenyo wa hewa. Kosa hutokea mtu anapougeuza mpini wakati dirisha liko wazi. Komeo la juu huachia, na kioo chenye uzito wa mtoto wa darasa la tano kinainama chumbani kikishikiliwa na bawaba moja ya chini. Hakijavunjika. Kisukume kirudi kwenye fremu, hasa pembe iliyoachia, kigandamize hapo, kisha ugeuze mpini uelekee chini, dirisha lifunge. Wajibu wote wa kupoza chumba uko kwa dirisha hilo, kwa sababu hoteli nyingi za mji wa kale hazina kiyoyozi. Julai na Agosti uliza kabla ya kulipa. Klimaanlage ndilo neno la kutafuta.

Kitanda cha watu wawili kwa kawaida ni magodoro mawili ndani ya fremu moja, na kila mtu na duveti yake. Mfereji wa katikati hauzibiki. Wanaotaka godoro moja watafute französisches Bett, lakini hilo mara nyingi lina upana wa sentimita 140 tu. Mto ni mraba mkubwa, laini mno, unaozama hadi godoroni. Ukunje mara mbili au uombe mwingine.

Kipasha joto ukutani kina kifundo cha namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Kukizungusha hadi 5 hakupashi chumba haraka zaidi, bali hukipeleka kwenye joto kali zaidi, na utaamka koo limekauka. Soketi ni za mashimo mawili ya duara. Plagi ya pini tatu bapa ya Kenya na Tanzania haiingii bila adapta. Volti ni 230, kwa hiyo chaja haina shida. Chooni ni karatasi tu, hakuna bomba la kutawadhia, hivyo kopo au chupa laini ya plastiki iwe kwenye sanduku. Kibla ni kusini-mashariki. Maji ya bomba yananyweka, na ukinunua ya chupa ya plastiki unalipa amana ya senti 25 inayorudishwa na mashine ya dukani. Usiitupe.

Kifungua kinywa mara nyingi hulipiwa kando na bei ya chumba, euro 15 hadi 25 kwa mtu, na kwa mla sana kina thamani yake: mayai, jibini, samaki wa kukaushwa kwa moshi, mikate ya aina kadhaa. Asiyekula nguruwe asome vibao. Schinken na Speck ni nguruwe. Salami ichukulie hivyo mpaka uambiwe vinginevyo. Pute ni bata mzinga, Hähnchen ni kuku, Rind ni ng'ombe. Soseji ndogo za Nürnberg zenye sifa kubwa, fupi kama kidole, ni nguruwe na majoramu. Kwa chakula cha halali, mtaa wa Gostenhof, nje kidogo ya ukuta upande wa magharibi, una mikahawa ya Waturuki. Asiyetaka buffet apite duka la mikate asubuhi. Hulipa robo ya bei hiyo.

Vyumba vya Jumapili usiku huwa nafuu, na sababu unaiona ukitoka nje: maduka yamefungwa. Siku za kazi Bavaria hufunga saa mbili usiku. Dawa ya dharura ni maduka ya ndani ya Hauptbahnhof, ambayo hufunguliwa hata Jumapili, ghali kidogo. Jumatatu nayo makumbusho mengi hufungwa, likiwemo Germanisches Nationalmuseum, mahali lilipo tufe la dunia la Martin Behaim la miaka ya 1490, la zamani kuliko yote yaliyosalia. Kisiwa cha Zanzibar kimo humo, kimechorwa na watu waliokisikia tu, na ukubwa wake ungewachekesha Waunguja. Kwa hiyo anayefika Jumapili aanze na ngome na matembezi ya ukutani, ayaache makumbusho hadi Jumanne.

Chumba hurudishwa saa tano asubuhi. Kagua bili kwa kifungua kinywa ambacho hukula. Ndicho kinachoongezwa kimakosa mara nyingi, kwa kuwa mapokezi na jikoni hutumia orodha mbili.

Kutoka hapo baadhi ya wasemaji wa Kiswahili wanaopita Nürnberg huendelea Bayreuth, ambako chuo kikuu huandaa kongamano la Kiswahili kila mwaka. Treni ya mkoa huchukua kama saa moja. Kulala Bayreuth ni nafuu, isipokuwa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwishoni mwa Agosti, wakati wa tamasha la opera za Wagner, ambapo ni rahisi zaidi kubaki Nürnberg na kwenda na kurudi. Tiketi ya siku iitwayo TagesTicket Plus huwabeba watu wazima wawili, na ya Jumamosi hutumika hadi Jumapili. Baadhi ya treni kwenye njia hiyo hukatwa vipande viwili katikati ya safari, kipande kimoja kikaenda kwingine. Kabla ya kukaa, soma skrini ya ndani ya behewa lenyewe, si ubao wa jukwaani.