Kamau wa Voi

Basi letu la Mombasa lilisimama Voi saa nane mchana, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mimi nilibaki dirishani nikitazama lile vumbi jekundu. Kila nikipita hapa hunijia mtu ambaye alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Aliitwa Kamau.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka kutoka Voi. Rubani alikuwa Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyezoea kuwapeleka matajiri kuwinda, na siku hizo alitaka kujaribu kuwatafuta tembo kutoka angani. Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, alikuwa naye. Hawakufika mbali. Ndege ilianguka, ikashika moto, wakafa wote wawili.

Ndege za aina ile ni mbao na kitambaa. Viti ni viwili, havina paa: rubani huketi nyuma, abiria mbele, na tangi la petroli limo ndani ya bawa la juu, karibu kabisa na kichwa cha abiria. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Nilimwona Kamau pale mbele, upepo unampiga usoni, nyika yote ya Tsavo imetandazwa chini yake. Ni Wakenya wangapi wa umri wake waliokuwa wameiona nchi yao kutoka juu?

Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na nduguye akamwekea mnara. Habari zake zimeandikwa sana. Kamau yeye hupita mwishoni mwa sentensi: "pamoja na mtumishi wake."

Hapo ndipo panaponiuma. Marehemu baba alikuwa utingo wa lori katika barabara hiihii. Lori lao lilipobingirika karibu na Mtito Andei alivunjika paja, na mpaka leo pale kwetu ajali ile ni ya dereva, anatajwa kwa jina, "na utingo wake." Mzee hakulalamika. Ila jioni alikuwa akitutajia wenzake waliofia barabarani, jina la mtu na la babake, polepole, mmoja baada ya mwingine, nasi tumekaa kimya.

Konda alipiga bodi, tukaondoka. Kijana niliyeketi naye aliniuliza ninawaza nini, nikamsimulia.

"Kamau nani?" akauliza.

Nilikuwa na hilo jina moja tu la kumpa.