Kushika telefone za wengine, mu nyumba yangu ya Katuba

Miezi saba inapita tangu nilianza kushika telefone za biashara za wengine hapa nyumbani, Katuba, mu Lubumbashi, na kila wiki kuko mtu ananiuliza hii kazi inaendaka namna gani, basi leo naandika.

Ilianza na fundi wa pompi za maji. Yeye akiwa kwenye kisima, mikono yote matope, telefone inalia mu koti kule pembeni, nani atashika? Na kiliya asipopata jibu anaita fundi mwingine, hangojaki. Nikamwambia Papa, hizo simu zigeuze zije kwangu, nitajibu kwa jina ya atelie yako. Tukaandika **61* halafu namba yangu halafu #, tukapiga kama vile unaita mtu, basi, simu ambayo hakushika inakuja kwangu. **21* inaleta zote, hata yake haitalia tena, na ##002# inafuta kila kitu. Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa batu wengi banashangaa: simu ikigeuzwa, ile njia ya pili analipa mwenye telefone, si yule anayeita. Njo maana niko na sim mbili, ya Vodacom na ya Airtel, fundi wa Airtel namupa namba ya Airtel, unite zake, ni kusema pesa ya kuitia, zisiishe bure.

Halafu kuko bipe. Mtu anaacha inalia mara moja anakata, na kwa **61* ile bipe haifiki kwangu hata kidogo, inabakia kwa fundi. Kwa hiyo kila magaribi ananisomea namba zilizobakia kwake, naziita moja moja na unite ambazo yeye alitia. Kazi nyingi tulizipata kwa hizo bipe, mi siwezi kuzizarau.

Watu banazani hii ni kazi ya kusema na sauti nzuri. Hapana, ni kazi ya kuandika. Kaye, biki, jina, namba, saa, anataka nini. Na namba lazima uirudilie mbele ya mtu, kwa sababu huku tunasema septante (70) na nonante (90), na akiita mtu aliyezoea soixante-dix (60 na 10) au quatre-vingt-dix (80 na 10), ukiwa na haraka unaanza kuandika 60 au 80 mbele hajamaliza.

Kosa yangu kubwa ilikuwa ya saa. Mama mmoja mshonaji, kiliya wangu wa pili, alikuwa anangoja simu ya mtu wa Kinshasa kwa nguo za ndoa, batu kumi na mbili wa kushonea. Yule mtu akaniambia ataita 15 h, nikaandika 15 h, nikamtumia mama. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Mama akangoja, akaona kimya, akaenda mu repetisyo ya kwaya, telefone ikabakia nyumbani, na 16 h yetu simu ikaita, na mi nilikuwa nimeshafunga kaye nakwenda kupika bukari. Ile komande ilienda kwa mwingine. Mama hakupandisha sauti, alisema tu, leki yangu, ungemuuliza saa ya wapi. Ile mwezi sikukamata franga yake, na mpaka leo kila saa naandika namna hii: 15 h Kin, 16 h L'shi.

Kingine, siahidi kitu kwa midomo ya mwenye kazi. Mtu akisema fundi aje kesho, najibu nitamfikishia na atakuita, sisemi atakuja. Na kaye haitoki mu chumba. Jirani aliniuliza siku moja nani alikuwa anadai mshonaji, nikamwambia yaya, hiyo siwezi.

Kuraa ikienda, niko na power bank na ka telefone kadogo ka mabutoni kanakomaka siku nyingi bila kuchajiwa. Batoto banajua nikiinua mkono bananyamaza. Nalipisha dolari 10 kwa mwezi, wanatuma kwa M-Pesa, na biashara ni nne sasa. Ya tano, depo ya bunga, inataka nishike mpaka siku ya mungu. Nilikataa. Siku ya mungu kaye iko imefungwa.