Tarehe 30 Julai

Nimeamka leo na jina la Marie-Louise Giraud kichwani. Alfajiri ya tarehe kama hii, mwaka 1943, alikatwa kichwa kwa gilotini katika gereza la La Roquette jijini Paris. Alikuwa na miaka 39. Kosa lake ni kuwatoa wanawake mimba.

Alikuwa mtu wa Cherbourg, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Maisha yake yalikuwa ya kuungaunga: alifanya kazi za ndani, akafua nguo za watu, baadaye akapangisha vyumba kwa makahaba. Mimba alizitoa kwa maji ya sabuni. Wanawake waliohesabiwa mahakamani walikuwa 27, na mmoja wao alifariki baada ya vijidudu kumwingia kwenye damu. Kila nikiisoma kesi hii, nikifika kwa huyo mmoja nashindwa kuendelea.

Ulikuwa wakati wa vita. Cherbourg ilijaa askari wa Kijerumani, chakula kilikuwa cha mgao, na wanaume wa Kifaransa zaidi ya milioni 1 walikuwa mateka Ujerumani. Mke ambaye mumewe yuko kambini akishika mimba, aiseme ni ya nani? Huko Vichy nako serikali ya Pétain, jemadari mzee aliyeiongoza Ufaransa chini ya kivuli cha Wajerumani, ilikuwa ikihubiri kazi, familia na taifa, na ilitaka watoto wazaliwe. Februari 1942 ikatunga sheria iliyofanya utoaji mimba kuwa kosa dhidi ya usalama wa dola, na washtakiwa wakaweza kupelekwa kwenye mahakama maalumu isiyo na rufaa. Huko ndiko Giraud alikohukumiwa, Juni 1943. Kabla ya Pétain, marais wa Ufaransa walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 50 wakiwasamehe wanawake waliohukumiwa gilotini. Giraud aliomba huruma, akanyimwa.

Kinachoniuma ni kwamba hadi leo jina la aliyemkata Giraud kichwa linajulikana, Desfourneaux, limeandikwa kila mahali. Marehemu, yule mmoja kati ya wale 27, anapewa mstari mmoja. Alikuwa anapenda nini? Siku ile alipogonga mlango wa Giraud alikuwa na nani? Sijakutana na mtu aliyejali kuuliza.

Labda yananigusa hivi kwa sababu ya dada mmoja wa mtaani kwetu. Nilikuwa na miaka tisa. Jioni moja aliniita dirishani, akanipa sarafu nikamnunulie panadoli. Niliporudi nilimkuta amejifunga khanga mbili, na joto lilivyokuwa siku ile, huku ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Alichukua vidonge, akaniambia chenji nibaki nayo. Nilifurahi mno. Nikaenda kununua ubuyu.

Kesho yake usiku tukasikia vilio. Watu wazima walisema malaria imempanda kichwani. Nikaamini, mpaka nilipokua na kuanza kuelewa mbona kwenye msiba ule akina mama walikuwa wananyamaza kila mtoto akipita. Hakukuwa na polisi wala kesi. Yule aliyempa mimba, kama alikuwepo pale chini ya turubai, alikula ubwabwa kama sisi wengine.

Sheria ilikuwepo. Kanuni yetu ya Adhabu hapa Tanzania, tuliyoirithi kwa Waingereza, inampa anayetoa mimba hadi miaka 14 jela, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Hiyo saba ndiyo iliyomziba mdomo, naamini hivyo. Angekwenda hospitali angesema nini?

Jirani zetu Kenya wamepita njia karibu na ile ya Cherbourg. Mwaka 2014 muuguzi mmoja alihukumiwa kifo kwa kesi ya mwanamke aliyefariki, ikidaiwa ni kwa kutolewa mimba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikamwachia huru. Miaka ile ya kesi nilifuatilia habari zake nikawa nawaza hivyo hivyo juu ya marehemu. Simtetei anayecheza na uhai wa watu kwenye chumba cha uani. Lakini wanawake wale 27 wa Cherbourg walikuwa wanakimbia kitu, na Pétain alipomkata mtu kichwa, kile walichokuwa wanakikimbia kilibaki pale pale.

Mchana nimempigia mama. Tumeongea habari za mvua, za mguu wake, halafu nikamuuliza yule dada alikuwa na umri gani. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kumi na tisa," akasema. "Alikuwa na gauni kwa fundi. Alishalipia nusu. Fundi alilitundika pale pale dukani karibu mwaka mzima, hakuna aliyekwenda kulichukua."

Nikamuuliza lilikuwa la rangi gani. La kijani, akasema, lina mikono mifupi.

Miaka yote ile nilikuwa napita pale kwenda shule. Gauni hilo nalikumbuka.