Mvua ya kupandia

Jumamosi iliyopita mvua ilitufungia ndani hapa Ilazo. Ile ya kwetu, ambayo haina habari ya manyunyu, inashuka tu kama mtu kapindua pipa, mabati yanapiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono. Binti yangu wa mwisho kashachoka kila kitu, umeme wenyewe unakuja unaondoka, akaja kusimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Baba, hivi Dodoma mvua ikinyesha watu wanaendaga wapi?"

Nikamwambia wanakaa ndani.

"Ndani wapi?"

Ndani kwao.

Akaniangalia vile anavyomwangaliaga mama yake mlenda ukiwekwa mezani siku ya tatu mfululizo. Binamu zake wa Dar wamemjaza maneno likizo yote, eti wao mvua ikinyesha wanapelekwa sehemu zina michezo humo humo ndani, kuna sinema, kuna aiskrimu. Na mi badala ya kumjibu nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu swali hilo hilo lilishawahi kunitoa jasho Desemba ya 2013, tofauti ni kwamba siku hiyo aliyekuwa kwenye kochi ananiangalia hakuwa mtoto, alikuwa mzee wangu.

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho. Basi alikuja kwa ajili ya hilo jicho, akaambiwa asubiri mpaka wiki inayofuata, na kumsubirisha mkulima mjini mwezi wa kumi na mbili ni adhabu ambayo simwombei mtu. Siku ya kwanza alifagia uwanja wote kabla hatujaamka. Ya pili akapanga upya matofali ya jirani. Ya tatu mvua ikaja na akawa hana pa kwenda, akavuta kiti mlangoni akakaa anaangalia maji yanavyokimbia kwenye mtaro, kila baada ya muda anasema, "Hii ndiyo ya kupandia hii." Anasema hivyo kama mtu anayeangalia basi lake linaondoka stendi na mizigo yake imo ndani.

Mabati nayo yalimkera. Alikuwa anasema kwenye tembe, nyumba zao za paa la udongo, mvua unaisikia kwa pua, udongo wa juu ukilowa tu unajua imefika, sasa nyie mnajijengea ngoma mnalala ndani yake.

Mi nikaona hapana, leo namtoa mzee nimtembeze. Siku hiyo nilikuwa na ruhusa kazini, kijana wangu mkubwa alikuwa na miaka saba na shule zimefungwa, nikasema tutaenda sehemu za ndani ndani, mvua isitusumbue. Hapo ndipo nikagundua sina pa kwenda. Kumbukeni Dodoma ile haijawa jiji, ujiji tumepewa 2018, na serikali ilikuwa bado haijaanza kuhamia kweli kweli, tunaambiwa tu inahama tangu 1973. Nikawaza Bunge, tukakae kule juu wanapokaa wageni tuwaangalie waheshimiwa, nikakumbuka Bunge limeshaahirishwa, kuna walinzi na bendera tu. Msikiti wa Gaddafi ulikuwa na kama miaka mitatu tu tangu ufunguliwe, mkubwa mzuri, lakini mzee ni Anglikana wa zamani, akasema atauangalia kwa nje, na kwa nje mvua. Kanisa lake lile la mjini lenye kuba alishasali Jumapili. Soko la Majengo? Akaniuliza, "Sokoni kuna nini ambacho silimi?" Nikabakiwa na kibanda umiza cha mtaani, wanaonyesha filamu za kupigana zenye mtu anatafsiri kwa kelele, hapo nikajishtukia mwenyewe.

Mama watoto ndiye alisema nendeni kule kwenye mawe. Makumbusho ya jiolojia, nyuma ya New Dodoma Hotel, karibu na stesheni ya treni. Alishapeleka wanafunzi wake. Watu wa jiolojia wako hapa mjini tangu enzi za Mwingereza, na mi nilikuwa napita pale kila siku ya Mungu sijawahi hata kugeuza shingo.

Safari yenyewe niifupishe. Bajaji, plastiki za pembeni zimechanika, tumelowa hata hatujafika, na kwenye kona moja hivi tairi ya mbele ikadidimia kwenye tope dereva akabaki anakanyaga mafuta bure. Mzee akaangua kicheko cha kwanza tangu aje mjini. "Idodomya!" Kijana wangu akauliza ndio nini, akaelezwa kwa kirefu habari za tembo aliyekuja kunywa maji akazama hapa hapa, ndio mji ukapata jina, na kwamba mji unaoitwa 'imezama' usishangae ukizama. Tulishuka tukasukuma. Mzee wa macho mabovu naye alisukuma.

Ndani ni chumba tu, jamani, msije mkafikiria makubwa. Makabati ya vioo, mawe, vibandiko vyenye majina. Kiingilio pesa ndogo. Kulikuwa na kijana mmoja mpole wa kutuzungusha, akamwamkia mzee shikamoo akashika na mkono kabisa, na nadhani alifurahi kupata watu siku kama ile. Akaanza kutueleza. Tanzanaiti, Mererani, 1967, kijana wangu macho yamemtoka, mzee kapita. Almasi za Mwadui, na ile ya rangi ya waridi iliyochimbwa 1947, Williamson mwenye mgodi akampa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi kabla hajawa malkia. Hapo mzee akasimama kidogo. "Bibi harusi kapewa jiwe?" Ndiyo mzee. "Na ng'ombe walitoa wangapi?" Kijana wa watu akasema hilo hana uhakika nalo.

Rubi za Winza, kule Mpwapwa. Mzee kapita. Mi nimeshaanza kuangalia saa.

Afu umeme ukakatika.

Chumba kikawa giza la saa kumi na mbili jioni wakati ni mchana, mvua juu ya paa imezidi, hatusikilizani. Kijana wangu akanishika suruali. Na mzee, ambaye kwao giza siyo habari, akatoa kitochi chake, ile simu yake ya vibonye aliyoifunga na raba bendi, akawasha tochi akawa anamulika kabati moja moja taratibu, anasogeza lile jicho zima mpaka pua inakaribia kioo. Taa ndogo kama kimulimuli inatembea, jiwe linatokea, linapotea, linatokea lingine. Sijui alikuwa anatafuta nini. Nadhani alikuwa anapoteza muda tu, kama sisi.

Halafu taa ikagoma kusogea.

Ilikuwa imetua kwenye jiwe la kijani. Siyo kijani cha kung'aa cha kukufanya upige kelele, kijani cha tufaa bichi, kimetulia, mwanga wa kitochi ukawa kama unaingia ndani ya jiwe unakaa humo humo hautoki. Mzee akalala na kioo. Kijana wa makumbusho akasema kwa upole, mzee angalia kioo kisikukate. Hakusikia au alijifanya.

"Hili mnaliitaje?"

"Hilo ni krisopresi, mzee. Ni kwatzi, ule ukijani ni nikeli iliyochanganyika ndani. Linatoka hapa hapa kwetu Dodoma, Haneti."

Kimya. Mvua tu.

"Haneti ipi?"

"Haneti ya Chamwino, mzee, ukienda njia ya Kondoa."

"Haneti naijua," mzee akasema. "Nauliza na wewe unaijua?" Kisha bila kutoa jicho kwenye kioo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya tulikuwa tunawarushia nyani."

Yule kijana akacheka, kama unavyocheka mzee akitania. Akaona mzee hacheki, akaacha.

Kumbe walipokuwa watoto walikuwa wanapangwa kulinda mtama huko juu, kaka yake na yeye, toka alfajiri, na nyani wanashuka mlimani kwa makundi. Ukitaka kumpiga nyani na kombeo unahitaji jiwe lenye uzito, lisiwe la kupasuka pasuka, na haya ya kijani ndiyo yalikuwa yanakaa vizuri kwenye ngozi ya kombeo. Yalikuwa chini tu, anasema, mvua ikinyesha yanatokea yenyewe, yameoshwa. Walikuwa wanayakusanya kwenye kibuyu kilichovunjika.

"Babu, mliwapata?" kijana wangu kauliza.

"Nyani anakwepa, mwanangu."

Afu akauliza bei. Kijana wa makumbusho akajieleza eti inategemea, rangi, ukubwa, kama halina ufa, kama limeshakatwa na kusuguliwa, na bei ya jiwe ghafi ni tofauti na ya sonara, mzee akawa anaitikia kwa kichwa, na nikaona kwenye ule mwanga anahesabu kwa vidole. Mawe kwa siku. Siku kwa msimu. Akafika mahali akaacha, akazima tochi kubania chaji, na gizani tukasikia:

"Basi nyani wa Haneti ni matajiri."

Tulicheka wote wanne tukiwa hatuonani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikamuuliza, baba, huko juu ni wapi, maana mimi kwetu ninakokujua ni pale kijijini barabarani, nyumba zimepangwa mstari, ndipo nilipozaliwa. Akasema juu, kilimani, kabla hatujashushwa. Ni 1971, Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, hiyo nilisoma shuleni, nimeijibia mpaka mtihani, na sikuwahi hata siku moja kuunganisha kwamba waliokuwa wanaandikwa mle ni baba yangu akiwa kijana, amebeba mlango wa tembe kichwani. Mlango ndio alisema walibeba. Mengine waliacha.

"Sasa hivi kuna nani huko?" kijana wangu akauliza.

Mzee hakumjibu. Sijui kama hakuwa na jibu au ndio umeme ulirudi muda huo huo, maana taa ziliwaka, tukawa tena watu wazima waliolowa kwenye chumba cha mawe, kila mtu anajifuta uso. Jiwe lenyewe chini ya taa ya kawaida lilionekana dogo. Nilijaribu kusema tuendelee, kulikuwa na makabati mengine, lakini mzee alishageuka anaangalia mlangoni.

"Mvua ya kupandia hii," akasema, "na mimi nimesimama ndani naangalia mawe."

Akatoka. Bila kofia, bila koti, akasimama pale nje kwenye maji mikono imening'inia, na mi nimebaki mlangoni na mwavuli nimeufungua nusu, sijui nimfuate nao au nimwache. Sikumfuata. Yule kijana wa makumbusho aliniangalia kama anayesubiri nifanye kitu.

Jicho walilitoa mtoto wiki iliyofuata, likapona, akarudi akapanda uwele kwa kuchelewa na akavuna kidogo, na alinilaumu mimi. Huko kilimani sijawahi kufika mpaka leo. Aliniambia tutaenda, nami nilimwambia tutaenda, tuliambiana hivyo miaka minne, na sasa wa kunionyesha hayupo. Nilishapita Haneti na basi mara nyingi, nachungulia ile milima dirishani, sijui ni upi. Kijana wangu niliwahi kudhani zile dakika za gizani zitamfanya awe mtu wa mawe, yuko chuo mwaka wa kwanza, anasoma uhasibu.

Haya yote nilianza kumsimulia binti yangu Jumamosi ile, nikafika kwenye nyani akachangamka, akasema basi na sisi twende huko kwenye mawe, sasa hivi. Nikasema vaa mabuti. Kutafuta mabuti, la kushoto lipo la kulia halipo, lilikuwa chini ya kitanda cha mama yake, na kwa namna mvua za kwetu zilivyo, mpaka tunalipata imeshakatika. Jua limetoka. Mtaro unanguruma, udongo unanukia mpaka ndani.

Akasahau makumbusho hapo hapo. Akatoka mbio na buti moja mguuni, lingine mkononi, akaingia kwenye dimbwi kubwa la pale getini, akainama akaanza kuokota vitu kwenye tope. Nguo alizovaa ndio zimetoka kufuliwa asubuhi. Mama yake akapiga kelele toka jikoni nimwite arudi ndani. Nikasema namwita.