Kupunguza taka za ofisi yetu ya ubunifu: nilipofikia

Ofisi yetu iko Sinza, Dar es Salaam. Tuko wawili, pamoja na kijana mmoja wa kukata na kukunja. Tunachora nembo, kadi za harusi, vipeperushi, fulana na mabango. Mashine kubwa hatuna, kwa hiyo kazi nzito tunapeleka Kariakoo. Mradi wenyewe ni kuendesha ofisi hii bila kuzalisha takataka kama tulivyozoea, na bila kufa njaa. Hilo la pili nimeliandika makusudi, maana ushauri mwingi wa mazingira hutolewa kana kwamba kodi ya pango inajilipa yenyewe.

Februari

Tulianza na pipa. Kwa muda hatukutupa karatasi, tulitenga tu. Zilizoharibika kwa kuchapwa vibaya zilikuwa chache. Kilichojaza viroba ni pindo: karatasi nyeupe, safi, haijaguswa na wino, imekatwa kwa sababu tu kipimo cha kazi hakiendani na kipimo cha karatasi.

Chukua kipeperushi cha mraba. Karatasi ya SRA3 ina milimita 320 kwa 450. Mteja akitaka mraba wa milimita 150, ukiongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu unapata 156, na hapo zinaingia 4 tu. Mshushe hadi 140, zinaingia 6. Vipeperushi 1,000 vinatoka kwenye karatasi 167 badala ya 250, na sijaona mtu aliyekishika mkononi akasema kimepungua sentimita moja. Kadi za biashara za 85 kwa 55 nazo hivyohivyo: zikiwa na rangi hadi ukingoni zinaingia 21, zikiwa na ukingo mweupe zinabanana zikafika 25, kwa kuwa kisu kimoja kinatenganisha kadi mbili. Siku hizi kipimo kinapangwa kabla sijafungua programu ya kuchorea.

Pindo zinazobaki wanachukua wanunuzi wa karatasi chakavu. Karatasi za aina hii husagwa zikawa trei za mayai. Zenye laminesheni hawazitaki, ile ngozi ya plastiki haibanduki. Kwa hiyo laminesheni tumeitoa kwenye bei ya kawaida. Anayeitaka ataiomba, na wengi hawaombi.

Umeme nautaja kwa ufupi: kompyuta ya mezani imeondoka, laptopu imeingia, printa ya katriji imepisha ya tangi. Uniti za LUKU zinakaa zaidi. Basi.

Machi hadi Mei

Mabango ndiyo yanayoniumiza kichwa. Fleksi, turubai la mabango yetu, ni matabaka mawili ya plastiki ya PVC yenye wavu wa nyuzi za poliesta katikati. Wavu huo ndio unaolizuia bango lisichanike kwa upepo, na ndio huohuo unaofanya iwe vigumu kuliyeyusha na kulitumia upya. Ukilichoma linatoa gesi kali ya haidrojeni kloraidi na sumu iitwayo dioksini. Marufuku ya plastiki ya Juni 2019 iligusa mifuko ya kubebea. Bango la mita 6 lililotumika asubuhi moja tu halimo.

Kweli, bango la zamani halilali bure: linafunika meza ya mama wa mbogamboga, linaziba paa la banda. Ila hiyo sifa ni ya mama wa mbogamboga, si yetu tuliolichora.

Nilichoamua ni kupambana na tarehe. Bango linakufa kwa sababu limeandikwa mwaka na kaulimbiu. Chama kimoja cha akiba na mikopo huchapisha jipya kila Mei Mosi, na kila mara robo tatu ya bango ni jina lao na nembo ileile. Safari hii tukatenganisha: bango kuu halina mwaka, na chini yake kuna ukanda mwembamba wenye kaulimbiu, unafungwa kwa kamba kwenye pete zilezile. Mwakani watabadilisha ukanda tu.

Mhazini wao alinitazama akauliza, "Sasa wewe mdogo wangu, mwakani utakula nini?"

Swali halali. Mtaani kwetu vibao vinasema "ubunifu bure ukichapa kwetu", na hata sisi tulikuwa nacho. Maana yake, ninayechora silipwi kwa kuchora. Nalipwa kwa wingi wa karatasi na mita za fleksi. Kila nikimshauri mteja apunguze, najikata posho. Hapo hata uweke mapipa ya rangi ngapi ofisini, biashara yenyewe inakudai utupe. Kibao tukakishusha. Ankara sasa ina mistari miwili: ubunifu bei yake, uchapaji bei yake. Wapo wateja waliohamia jirani, wa kadi za haraka hasa. Waliobaki ndio wanaouliza maswali ya maana.

Juni

Harusi. Kadi za michango karibu zote zimehamia WhatsApp, na hilo halikutokana na sisi; kamati zimechoka kuzungusha bahasha mjini. Kadi ya mwaliko ndiyo yenye mvutano, kwa sababu mlangoni ukumbini lazima ijulikane nani ana singo (mtu mmoja) na nani ana dabo (wawili). Tunatengeneza ya simu yenye msimbo wa kuskani, tukitoza kazi ya kuandaa orodha ya majina, ambayo ni kazi kweli. Halafu tunachapa chache za wazee. Mama wa bwana harusi mmoja alikataa katakata shangazi zake kualikwa kwa simu, na mimi nipo upande wake: kadi ile inawekwa kabatini miaka.

Kinachoendelea

Mteja wa miche ya parachichi amekubali bango la kitambaa cha pamba kwa ajili ya Nane Nane. Fundi wa kuchapa kwa skrini anataka mchoro wa rangi mbili tu, kwa kuwa kila rangi ni skrini yake na gharama yake. Nimeuchora upya mara kadhaa. Ile kijani iliyokuwa ikififia polepole imebidi iondoke. Gharama kwa mita bado inaipita fleksi, na hatujaelewana na mteja nani abebe tofauti hiyo. Amesema atapiga simu Ijumaa.