Nilivyoukatia kila mwanzi pateni yake

Banda la mama la kushonea liko Muheza, nyuma ya nyumba, na limesimama kwa mianzi 34. Nililichora kwa FreeCAD, programu ya bure, kwenye laptopu ya zamani. Kuchora kulichukua siku nne. Viungo vilinila mwezi mzima.

Mwanzi ukikutana na mwenzake, huwezi kuukata bapa ukategemea ushike. Ncha huchongwa mdomo wa samaki ili ikumbatie ubavu wa mwenzake. Mafundi wetu huchonga kwa jicho, wanajaribisha na kupunguza mpaka ikae. Mimi nilitaka kompyuta ikunjue ile ncha iwe mchoro bapa, yaani pateni, niuchapishe, nizungushie karatasi kwenye mwanzi, nifuate mstari kwa penseli, halafu nikate. Mwanzi wenye kipenyo cha milimita 80 una mzunguko wa kama milimita 251, kwa hiyo karatasi ya A4 ikilazwa inatosha.

Karatasi ya kwanza haikufika. Kingo ziliachana sentimita moja nzima. Nilihangaika asubuhi yote, kumbe printa ya stesheneri ilikuwa inaupunguza kila ukurasa ili uingie ndani ya pambizo. Tangu siku hiyo kila pateni naichorea pembeni mstari wa sentimita 10. Nikiupima kwa rula ukapungua hata milimita mbili, karatasi hiyo siitumii.

Ya pili ilifika vizuri. Nikakata, nikaunganisha, na pengo likabaki la kuingiza kidole. Mianzi ya kwetu, ile minene ambayo wataalamu huiita Bambusa vulgaris, hainyooki kama bomba. Shina ni nene kuliko ncha, mwili umebonyea huku na huku, na kila kifundo kinaipinda kidogo. Mchoro wangu uliichukulia yote kuwa na milimita 80.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Akaiokota karatasi, akaigeuzageuza.

"Hiki si kichwa cha mkono wa gauni?"

Ni kweli kabisa. Mkono ambao haujashonwa, ukiulaza mezani, ukingo wake wa juu hupanda na kushuka vilevile. Wenyewe una kilima kimoja, mdomo wa samaki una viwili. Nilikuwa bado nashangaa, akaongeza: "Na huyu ulimpima kabla ya kumkatia, mwanangu?"

Sikuwa nimempima. Nikaazima tepu yake ya kushonea, nikarudi kwa mianzi yote 34. Niliiandika namba kwa marka, nikapima mzunguko pale hasa ambapo kiungo kitakaa, nikagawanya kwa 3.14 kupata kipenyo. Upindaji niliupata kwa kuvuta uzi toka ncha hadi ncha. Vipimo vikaingia kwenye jedwali, na makro fupi ya Python, yaani programu ndogo niliyoiandika ndani ya FreeCAD, ikawa inasoma jedwali na kutoa pateni moja kwa kila kiungo, yenye namba ya mwanzi wake. Palipobonyea sana nilimalizia kwa tupa ya mviringo.

Vipimo hivyo vichukuliwe mwanzi ukishakauka, maana mbichi hunywea. Yetu tuliikata wakati wa kipupwe, ile tu yenye umri wa zaidi ya miaka mitatu, na tuliikata juu kidogo ya kifundo ili kisiki kisituamishe maji kikaoza. Aina hii ina wanga mwingi na bungua huipenda mno. Tulitoboa kuta za ndani kwa nondo ndefu, tukailoweka kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, ndipo tukaianika kivulini.

Kwenye viungo vinavyobeba paa tulipitisha bolti, na pingili inayobanwa tukaijaza saruji na mchanga isipasuke. Simón Vélez, msanifu majengo wa Kolombia, alijenga kwa njia hiyo banda la shirika la ZERI kwenye maonyesho ya dunia ya Hannover, Ujerumani, mwaka 2000. Kwetu ilitosha kwa viungo 12.

Wa kwanza kukaa sawasawa ulikuwa mwanzi namba 17. Niliusukuma kwa kiganja, ukaingia, mwanga haukupenya popote. Mama alipitisha ukucha kwenye mshono, mzunguko mzima, kama anavyokagua kola, kisha akaniambia nilete namba 18.